Uwandani, data zilizopo, maabara au modeli: ulinganisho kwa anayeanza tasnifu ya sayansi za dunia Dar es Salaam

Mwaka wa masomo unapoanza, muulize mwanafunzi mpya wa uzamili atafanya utafiti gani. Atakujibu kwa jina la mada: maji chini ya ardhi, mmomonyoko wa fukwe, mafuriko ya mto Msimbazi. Mada zote hizo ni za maana, na jiji hili lina kiu ya majibu yake. Lakini mada bado haijawa utafiti. Mada moja inaweza kuzaa tasnifu nne zisizofanana hata kidogo, na kinachozitenganisha ni mahali data zitakakotoka. Utazifuata mwenyewe uwandani? Utatumia zilizokusanywa na wengine? Utachambua sampuli zilizolala ghalani? Au utajenga modeli kwenye kompyuta?

Uamuzi huu watu huufanya haraka mno. Anayependa kutembea hukimbilia uwandani, anayeogopa gharama hukimbilia picha za setilaiti, na aliyesikia kwamba kuna kifaa kipya maabara hutafuta swali la kukipa kazi kifaa hicho. Ninazilinganisha njia hizi kwa kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine: je, data za njia hii zinaweza kunionyesha kwamba nimekosea? Kama kuna maelezo mawili yanayoshindana, data zako lazima ziwe na uwezo wa kuliunga mkono moja na kulikataa la pili. Kama data zozote utakazopata zitakuacha na hitimisho lilelile, hujabuni utafiti. Umepanga safari tu.

Mada moja, njia mbili: chumvi kwenye visima

Nitakaa hapa kwa muda, maana ndiyo mada ninayoona wengi wakiipenda na wengi wakiipotezea muda.

Ukame wa mwaka 1997 ulisababisha visima vingi vichimbwe Dar es Salaam, na leo kisima cha uani ni jambo la kawaida kuanzia Mbagala hadi Mbezi Beach. Baadhi ya maji hayo yana chumvi. Mwanafunzi anaandika kwenye andiko lake la kuombea utafiti: "Nitapima kiwango cha chumvi katika visima." Sawa, lakini chumvi hiyo ina asili zaidi ya moja. Huenda maji ya bahari yanasogea kuelekea bara kwa sababu tunavuta mno. Huenda ni maji ya vyoo vya shimo na makaro yanayopenya mchangani. Huenda ni chumvi ya kale iliyobaki kwenye matabaka tangu bahari ilipofunika eneo hilo.

Ukipima upitishaji umeme wa maji (unaopanda kadiri chumvi za aina yoyote zinavyozidi) peke yake, asili zote tatu zitakupa namba kubwa. Utarudi chuoni na ramani yenye rangi nzuri isiyoweza kumwambia mtu yeyote chumvi imetoka wapi. Ongeza kloridi, bromidi na naitreti, na mambo yanabadilika. Katika maji ya bahari, uwiano wa kloridi kwa bromidi ni takriban 290 kwa uzito, na haubadiliki sana popote duniani. Maji taka ya majumbani kwa kawaida huwa na uwiano mkubwa zaidi kwa sababu chumvi ya mezani ina bromidi kidogo sana, na mara nyingi huja na naitreti. Naitreti inaweza kupotea pale ambapo maji chini hayana oksijeni, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Chumvi ya kale ndiyo itakayokusumbua zaidi, maana asili yake ni bahari ileile na uwiano ni uleule. Hapo utahitaji kina cha kisima, umbali kutoka pwani na, ukiweza, isotopu za oksijeni na haidrojeni. Sasa una utafiti: maelezo matatu na vipimo vinavyoweza kuyatenganisha.

Je, data hizo zitatoka wapi?

Njia ya kwanza ni kwenda mwenyewe. Unafika kwenye nyumba Kigamboni, unabisha hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Unajitambulisha, unaonyesha barua ya serikali ya mtaa, unaeleza unachofanya. Unauliza kisima kina mita ngapi kwenda chini. Mama hajui, na hana sababu ya kujua. "Fundi aliyechimba anakaa mtaa wa pili, labda yeye." Nenda kwa fundi. Atakutajia idadi ya mabomba aliyozamisha. Muulize na urefu wa bomba moja. Muulize alikutana na nini njiani: mchanga, udongo wa mfinyanzi, au mawe ya matumbawe. Dakika ishirini za kukaa na fundi mchimbaji zinaweza kukupa picha ya matabaka ambayo huipati kwenye ramani yoyote. Andika jina la mtaa na namba ya kisima kwenye daftari, kwa kalamu isiyofutika na maji.

Kisha maji yenyewe. Usichote kwenye tangi la juu. Hayo yamekaa juani na yamebadilika. Washa pampu, acha maji yatiririke huku ukisoma upitishaji umeme, halijoto na pH mpaka namba zitulie. Zikitulia, unajua unayoyaona ni maji ya ardhini na siyo yaliyolala kwenye bomba. Chuja kwa chujio la mikroni 0.45. Jaza chupa mbili. Ya kupimia metali itie asidi ya naitriki kidogo ili metali zisigande ukutani mwa chupa. Ya kupimia kloridi na naitreti usiitie chochote, kwa sababu asidi hiyohiyo itakuongezea naitreti ambayo haikuwemo kisimani. Bikaboneti pima palepale. Kila baada ya visima kadhaa chukua sampuli pacha, na siku moja moja jaza chupa kwa maji safi ya maabara na uipeleke pamoja na nyingine bila kumwambia mpimaji. Majibu yakirudi, jumlisha chaji chanya na chaji hasi za kila sampuli. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 5 hivi, kuna kilichokosewa au hakikupimwa, na sampuli hiyo irudiwe kabla haijaingia kwenye grafu.

Njia ya pili ni kutumia kumbukumbu zilizopo. Dar es Salaam iko ndani ya Bonde la Wami/Ruvu, mojawapo ya mabonde tisa ya maji nchini, na bodi ya bonde hilo ina kumbukumbu za visima na vibali. DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ina za kwake. Kampuni za uchimbaji huandika taarifa za kila kisima. Tasnifu za zamani kwenye rafu za maktaba zina majedwali ya vipimo ambayo hakuna aliyeyagusa tena. Uzuri wa njia hii ni miaka. Mtu mmoja hawezi kukusanya miaka ishirini ya vipimo ndani ya uzamili, kumbukumbu zinaweza.

Lakini zisome kwa jicho kali. Kumbukumbu nyingi za zamani zina majiranukta ya mfumo wa Arc 1960, ilhali simu na GPS yako vinatumia WGS 84. Ukizichanganya bila kubadilisha, kisima kinahama takriban mita 300. Kwenye utafiti wa Dodoma huenda usione tofauti. Hapa pwani, mita 300 zinatosha kukitoa kisima ufukweni na kukiweka bara, na hoja yako yote ya umbali kutoka baharini inavunjika. Tena utakuta safu moja ya jedwali imeandikwa upitishaji umeme, nyingine jumla ya chumvi iliyoyeyuka, na anayefuata amezichanganya bila kutaja vizio. Utakuta kloridi ipo lakini bromidi haipo kabisa, kwa sababu aliyepima alitaka kujua kama maji yananyweka, basi.

Ukiziweka njia hizi bega kwa bega, utaona zinajibu maswali tofauti. "Chumvi inatoka wapi?" ni swali la uwandani, kwa sababu vipimo vinavyotenganisha asili haviko kwenye kumbukumbu nyingi. "Chumvi inaongezeka?" ni swali la kumbukumbu. Mwanafunzi anayekwenda uwandani mara mbili, kiangazi na masika, ataona tofauti ya misimu. Hawezi kusema lolote la uhakika kuhusu mwelekeo wa miaka. Nimesoma maandiko yanayoahidi kujibu maswali yote mawili kwa awamu moja ya sampuli. Ahadi hiyo haitekelezeki, na mtahini ataiona mapema kuliko unavyodhani.

Maoni yangu kwa mada hii ni kuanza na kumbukumbu kwa mwezi mmoja au miwili, kisha uzitumie kuchagua visima vichache vya kwenda kupima vizuri. Visima 30 vilivyochaguliwa kwa mistari inayotoka ufukweni kwenda bara, vyenye kina kinachojulikana, vina thamani kuliko visima 100 vya yeyote aliyekubali kufungua geti.

Na jambo moja lisilohusu alama: rudisha majibu kwa wenye visima. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa naitreti ni miligramu 50 kwa lita. Ukikuta kisima cha mama aliyekukaribisha kimepita hapo, na kuna mtoto mchanga ndani ya nyumba, hiyo si data ya kusubiri siku ya utetezi.

Ufukwe: mahali ambapo data za bure hudanganya

Kwa mada ya mmomonyoko, hali inageuka. Hapa kumbukumbu ndizo zinazovutia zaidi, na ndizo zenye mtego.

Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972 na zimekuwa bure kwa kila mtu tangu 2008. Sentinel-2 ilianza 2015, na inaonyesha vitu kwa pikseli za mita 10. Mwanafunzi anapakua picha ya miaka ya 1980 na ya mwaka huu, anachora mstari wa maji kwenye kila moja, anatoa moja kwa nyingine, na anatangaza ufukwe wa Kunduchi umerudi nyuma mita kadhaa. Kazi ya wiki moja.

Sasa tupige hesabu. Dar es Salaam, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hupita mita 3. Chukua ufukwe unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50. Kimo cha maji kikipishana mita 3, mstari wa maji unahama mita 150 ndani ya saa sita, bila chembe moja ya mchanga kuondoka. Pikseli ya Landsat ya miaka hiyo ni mita 30. Ufukwe uliokatwa mita 1 kila mwaka kwa miaka 40 umepoteza mita 40, yaani zaidi kidogo ya pikseli moja, na karibu robo tu ya kile ambacho maji yenyewe huhama kwa siku. Setilaiti haikujua kama inapita wakati wa bamvua au wa maji mafu. Ni wewe unayepaswa kujua, kwa kutafuta saa ya picha na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la siku hiyo.

Kuna na misimu. Kusi ikivuma, mawimbi yanapiga kwa pembe moja na mchanga unasukumwa upande mmoja. Kaskazi ikiingia, mambo yanabadilika. Wavuvi wa Kunduchi wanajua hivyo bila ramani. Ukilinganisha picha ya Februari ya mwaka mmoja na ya Agosti ya mwaka mwingine, sehemu ya unachokiita mmomonyoko ni ufukwe unaofanya kile unachokifanya kila mwaka.

Tiba ipo. Acha mstari wa maji. Fuata ukingo wa mimea ya kudumu, au ukingo wa mwinuko uliokatwa na mawimbi, au kuta na majengo yanayotambulika. Tafuta picha za anga za zamani zilizopigwa kwa ajili ya ramani za taifa. Zina undani ambao Landsat ya wakati huo haina. Chagua picha za msimu mmoja. Na taja ukubwa wa kosa lako wazi, kwa mita, kabla ya kutaja matokeo.

Uwandani kwenye mada hii kunakupa kitu kingine kabisa. Ukipima wasifu wa ufukwe, yaani umbo la mteremko wake kwenda majini, kutoka alama ile ile kila bamvua kwa mwaka mzima, hutajua kilichotokea tangu 1980, lakini utajua mchanga unakwenda wapi na lini. Na hapo ndipo maelezo yanayoshindana yanapoweza kupimwa. Kwa muda mrefu imedaiwa kwamba uchimbaji wa mchanga kwenye vijito vya kaskazini mwa jiji, kama Tegeta na Mbezi, umezinyima fukwe chakula chake. Kama ni kweli, fukwe zilizo jirani na midomo ya vijito vilivyochimbwa zinapaswa kuumia kuliko zilizo mbali, zikiwa zimekingwa na miamba ya matumbawe kwa kiasi sawa. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye kazi: bila kulinganisha fukwe zenye kinga sawa, utaishia kupima tofauti ya matumbawe ukidhani unapima tofauti ya mchanga.

Kwa ufukwe, basi, napendekeza kumbukumbu ziwe mwili wa tasnifu na uwandani uwe wa kuzithibitisha, kinyume cha nilivyosema kuhusu visima.

Data zilizopo zinapokuwa ndiyo njia pekee

Kuna maswali ambayo huwezi kuyafuata uwandani hata ukipewa fedha zote, kwa sababu sehemu yake moja imekwishapita. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Yeyote anayetaka kujua delta ya Rufiji na mikoko yake inapokea matope kiasi gani kabla na baada ya bwawa, nusu yake ya "kabla" iko kwenye picha za setilaiti na kumbukumbu za mto. Haiwezi kupimwa tena. Ningependa kuona wanafunzi wengi zaidi wakiishika mada hii, maana dirisha la kulinganisha vizuri ni miaka hii ya mwanzo.

Ila kabla na baada peke yake haitoshi. Mvua za El Niño zilinyesha kwa nguvu kuanzia mwishoni mwa 2023, na Aprili 2024 Rufiji ikafurika. Kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa pili baada ya bwawa ni miaka ya mvua zisizo za kawaida. Ukiona maji ya delta yamebadilika rangi, ni bwawa au ni mvua? Hapa unahitaji mto wa kulinganishia, unaopata mvua za aina moja lakini haukuzuiwa wakati huo. Kama Rufiji ilibadilika na mto huo mwingine haukubadilika, bwawa lina la kujibu. Kama yote miwili ilibadilika, tulia na uandike hivyo. Kuchagua mto huo, na kueleza kwa nini unafaa, ndiyo sura ngumu zaidi ya tasnifu kama hii.

Mtego mwingine wa data za bure ni ukubwa wa eneo. Setilaiti za GRACE zilipima mabadiliko ya maji ardhini kutoka 2002 hadi 2017, na zilizofuata zilirushwa 2018. Ni kazi ya ajabu, lakini zinaona maeneo yenye upana wa kilomita mia kadhaa. Kigamboni haionekani humo. Data za mvua za CHIRPS zinaanza 1981 zikiwa na pikseli za takriban kilomita 5. Zinafaa kwa bonde la Wami/Ruvu, hazifai kueleza kwa nini mtaa mmoja wa Jangwani ulifurika na wa jirani ukanusurika. Kwa swali hilo la pili, bora ramani za mifereji na majengo zilizochorwa na mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, kazi ambayo wanafunzi wa vyuo vya hapa walishiriki kwa mikono yao. Na kama tukio lako lilitokea chini ya mawingu, kama maporomoko ya matope ya Hanang ya Desemba 2023, picha za kawaida zitakuonyesha weupe mtupu. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu. Angalia hilo kabla hujaandika jina la setilaiti kwenye andiko.

Maabara na mawe ya ghalani

Hii ni njia ambayo wengi hawaifikirii, na inamfaa sana mwanafunzi mwenye subira. Nchi hii imechorongwa tangu enzi za wakoloni. Kuna mawe ya uchorongaji wa madini, na kuna ya visima vya gesi. Songo Songo iligunduliwa 1974 na Mnazi Bay 1982. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma na ina ramani za jiolojia za nchi kwa vipande vya robo nyuzi ya latitudo na longitudo. Data za gesi ziko chini ya TPDC, shirika la taifa la mafuta na gesi, na mamlaka za sekta hiyo.

Ukipata ruhusa, umeokoa gharama kubwa kuliko zote, ile ya kuchoronga. Kipande kimoja kilichosagwa hadi unene wa milimita 0.03 na kuwekwa chini ya hadubini kinaweza kukupa sura nzima. Hata karibu na jiji kuna nafasi: mchangamawe wa Pugu wenye kaolini unafikika kwa daladala.

Ubaya wake ni kwamba swali limeshafungwa na aliyechoronga. Yeye alitaka dhahabu au gesi, akachoronga pale alipotegemea kuipata. Huwezi kusema mawe hayo yanawakilisha bonde zima. Na ruhusa yenyewe huweza kuja na masharti ya usiri. Soma kama utaruhusiwa kuchapisha kabla hujaweka miezi yako humo. Barua ya ruhusa iwe mkononi kabla ya andiko kutetewa. Ahadi ya mdomo kwamba data zitapatikana imewachelewesha wengi, na inaumiza kuona mtu mwenye akili nzuri amekaa mwaka akisubiri simu.

Foleni ya maabara nayo ni sehemu ya ubunifu wa utafiti. Kituo cha Afrika cha Madini na Sayansi za Jiolojia kipo Kunduchi, Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo mjini, na vyuo vina maabara zake. Uliza kila mahali mambo matatu: kiwango cha chini wanachoweza kupima, muda wa kurudisha majibu, na kama watakupa matokeo ya sampuli zao za viwango, zile ambazo jibu lake linajulikana tayari. Kama jibu la kwanza ni kubwa kuliko unachotarajia kukuta, maabara hiyo haikufai hata ikiwa ya bure. Kupeleka mawe nje ya nchi kunahitaji kibali cha mamlaka za madini, kwa hiyo anza mapema.

Modeli

Nitapita haraka hapa. Modeli ya mtiririko wa maji chini ya ardhi ni nzuri kwa anayekuta data tayari zipo na swali lake ni "itakuwaje tukiongeza uvutaji?" Kwa anayeanza bila vipimo vya kimo cha maji wala sifa za matabaka, modeli itajazwa namba za kubuni na itatoa majibu ya kubuni yenye desimali nyingi. Kabla ya kugusa programu yoyote, fanya hesabu ya mkono: kwa kuwa maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji baridi (yasiyo na chumvi), kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 za maji baridi chini yake. Maana yake, ukishusha maji kwa nusu mita karibu na ufukwe, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20. Modeli ikikupa kitu kilicho mbali sana na hapo, tafuta sababu kabla ya kuiamini.

Muda, vibali na mfuko

Muda wa tasnifu baada ya kozi za darasani kwa kawaida ni mwaka mmoja hivi. Uwandani hula muda kwa namna isiyoonekana kwenye jedwali la kazi. Barua inatoka chuoni, inakwenda kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani, kisha kata, kisha mtaa au kijiji, na mwenyekiti wa mtaa ana haki ya kukuuliza maswali yote upya. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Barabara za Rufiji na Kisarawe zinajua. Mwanafunzi aliyetetea andiko Februari na kupanga kutoka Machi amejipangia matope, labda kama matope ndiyo anayoyatafuta.

Data zilizopo zinaonekana za haraka, lakini usafishaji wake hula miezi. Maabara hula subira. Kwa fedha, uwandani unalipia usafiri, posho ya msaidizi na vipimo. Data zilizopo unalipia intaneti na kompyuta yenye nguvu. Maabara unalipa kwa sampuli, na hapo ndipo idadi ya sampuli inapokuwa uamuzi wa kisayansi na wa mfuko kwa pamoja. Usipunguze sampuli pacha ili kuongeza visima. Ndizo zinazofanya visima vingine viaminike.

Usiende uwandani peke yako. Nawaambia hivi hasa mabinti, ambao mara nyingi huambiwa wajiepushe na uwandani kabisa. Kinachohitajika ni mwenzi wa safari, ratiba iliyoachwa kwa mtu, na simu yenye chaji, kama kwa mwanafunzi yeyote.

Nani achague nini

Mwenye ufadhili wa mradi wa msimamizi achague uwandani au maabara, kwa sababu gharama imebebwa na swali kwa kawaida limeshakomaa. Anayejilipia na anafanya kazi siku za wiki achague data zilizopo zenye kazi ndogo ya uwandani ya Jumamosi, ndani ya mkoa. Anayetaka kuendelea na uzamivu achague njia itakayompa ufundi mmoja mgumu ambao hana, hata kama swali ni dogo. Asiye na barua ya ruhusa ya data asichague data hizo, hata msimamizi akimwambia zitakuja.

Kabla ya kikao cha kwanza na msimamizi, chukua karatasi moja. Juu andika swali. Chini yake andika maelezo mawili yanayoshindana. Kisha chora grafu unayotarajia kuiweka kwenye sura ya matokeo, ikiwa na mihimili na vizio lakini bila nukta hata moja. Chora mara mbili: jinsi itakavyoonekana kama maelezo ya kwanza ni kweli, na jinsi itakavyoonekana kama ya pili ni kweli. Kama grafu mbili zinafanana, badilisha vipimo au badilisha njia wakati bado ni bure kubadilisha. Zikitofautiana, mpelekee msimamizi karatasi hiyo pamoja na orodha ya mahali kila namba itakapotoka, na njia ya akiba endapo chanzo kimoja kitafungwa.